Mimba hewa ya Siafu

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 27 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mimba najua kuihesabu. Ndiyo maana Siafu, mbwa wetu, alipoanza kuvimba matiti sikumwuliza mtu. Nilifungua daftari, nikatazama tarehe nilizoandika, nikaanza maandalizi. Karibu kila kosa lililofuata lilitokana na ule ujuzi wangu wa wodini, na ninaandika haya kwa sababu wengi tunaofuga mbwa huku Mtwara hatuna mazoea ya kumwita mtaalamu kwa ajili ya mbwa. Ng'ombe au mbuzi akiugua tunahangaika. Mbwa tunamwachia Mungu.

Siafu ni mbwa wa kienyeji, rangi ya kahawia iliyoiva, kilo 19. Analinda shamba letu la korosho upande wa Naliendele. Sisi ni Waislamu na mbwa haingii ndani, ana banda lake ubavuni mwa stoo, lakini shamba limemzoea na sisi tumemzoea. Mume wangu alimleta baada ya kuibiwa msimu mmoja, na tangu siku hiyo hakuna gunia lililoondoka bila wenyewe kujua.

Tarehe 2 Agosti 2023 niliona matone ya damu bandani. Watu wa mifugo husema mbwa yuko kwenye joto. Mimi kichwani niliiweka kwenye hesabu ya hedhi, na hapo ndipo nilipoanza kupotea. Mwanamke hutoka damu kwa sababu mwezi umepita bila mimba. Mbwa jike hutoka damu kabla, mwili wake ukijiandaa kupokea dume, na siku zake hasa za kushika mimba huja baadaye, mara nyingi wiki moja na zaidi tangu damu ianze. Asubuhi ya tarehe 13 nilikuta dume la jirani ndani ya uzio. Sikuwaona wakipandana, ila nikaandika "amepandwa." Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, kwa hiyo nikapiga mstari chini ya tarehe 15 Oktoba.

Septemba ilipoelekea kuisha, tumbo likaonekana limejaa kidogo na chuchu zikachomoza. Mwanzoni mwa Oktoba nikiminya kidogo yakitoka maziwa. Nilifurahi sana. Nikaanza kumpa uji wa maziwa asubuhi, dagaa jioni, na unga wa mifupa juu yake ili watoto wapate mifupa imara. Nikawaambia watu. Jirani wawili wakatoa advansi, mmoja shilingi 30,000 na mwingine 20,000, kwa ajili ya watoto madume. Nilizipokea na kuzitumia.

Tarehe 15 ikafika, ikapita. Tarehe 17 nikatoa kabatini fetoskopu yangu ya mbao, ile ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, nikavaa glavu, nikampigia Siafu magoti na kuweka sikio. Nilisikia matumbo yakinguruma, tena vizuri kabisa. Mapigo sikusikia. Binti yangu alikuwa ameleta kipimo cha mkojo kutoka duka la dawa, kile cha kina mama, nacho kikaonyesha mstari mmoja. Nikajiambia watoto wamelala vibaya, na kipimo kimeharibika kwa jua. Kipimo kilikuwa kizima, ila hakikuwa na cha kupima: kinatafuta homoni ya kondo la binadamu, na mbwa hana homoni hiyo hata akibeba watoto kumi. Msipoteze hela zenu hapo.

Wakati huo huo tabia yake ilibadilika. Msimu ulikuwa umeanza, magunia ya katani yamepangwa stoo yakisubiri kupelekwa chama cha msingi. Siafu alichimba shimo kati ya magunia na ukuta, akalitandika kwa vipande vya gunia alivyochana mwenyewe. Halafu kifumbu changu cha kuchujia tui kikapotea jikoni. Nilikiona siku ya pili. Alikuwa amekishika kwa ncha ya meno upande mmoja tu, taratibu, kichwa amekiinua ili kisiburuzike chini, anakihamisha kutoka kivulini kwenda shimoni. Alipofika alikilaza, akajikunja kukizunguka, akakilamba kuanzia mdomo wa kifumbu hadi kitakoni, halafu akanitazama. Kilikuwa kimelowa na ukindu wake umeanza kulainika. Mume wangu akasema kile si cha jikoni tena, mate ya mbwa yameshakiingia, tukamwachia.

Mimi nikalitafsiri hilo kuwa uchungu umekaribia. Matiti mawili ya nyuma yalikuwa magumu, na kila mkunga anajua titi lililojaa linataka nini: kitambaa cha maji ya moto, kukanda, kukamua hadi lilainike, la sivyo mama atapata jipu. Nimewafundisha hivyo mamia ya kina mama. Basi nikamfanyia Siafu, asubuhi na jioni, siku nane mfululizo. Kila nikikamua matiti yalilainika, na yeye akatulia akifumba macho. Kesho yake yalijaa kuliko jana.

Tarehe 20 mtoto wa kaka yangu alikuja kutusaidia kupakia. Aliingia stoo, akainama kuvuta gunia la mwisho, mkono ukapita juu ya kifumbu. Siafu hakubweka wala hakunguruma kwanza. Alimng'ata kifundo cha mkono, meno mawili yakaingia.

"Shangazi, huyu si Siafu ninayemjua," aliniambia huku damu inamtoka.

Hapa sikukosea. Tulifungua bomba, tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, ndipo tukachukua bodaboda kwenda kupata chanjo. Siafu ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na huwa tunamchanja kila mwaka, lakini uamuzi wa kumchanja mtu unafanywa na wahudumu wa afya, si mwenye mbwa. Chanjo na nauli za kwenda na kurudi zilikula 130,000. Mbwa tukamfunga ili aangaliwe siku 10, kwani mbwa aliyeng'ata akiwa na kichaa hujulikana ndani ya siku hizo. Mume wangu alisema mbwa akishang'ata mtu wa nyumbani hana nafasi tena. Nilimwomba asubiri hizo siku 10. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza mkono wa kijana, nawaza pia huyu kiumbe aliyefungwa mnyororo analia kuelekea stoo.

Ndipo nikampigia mtaalamu wa mifugo. Alikuja tarehe 24 na pikipiki yake.

"Mama, umempima?" aliniuliza kabla hata hajakaa.

"Nimehesabu."

"Kuhesabu si kupima."

Alimfunga mdomo kwa kitambaa, akampapasa tumbo pole pole kwa mikono miwili, kutoka mbavuni hadi kwenye nyonga. Lilikuwa laini, hakuna kitu ndani. Siku 72 tangu tarehe niliyoiandika, watoto wangekuwa wameshazaliwa, au wangekuwa wameshikika mkononi. Akaniuliza maswali ambayo sasa nayajua kwa moyo: Anakunywa maji kupita kawaida? Anatapika? Kuna uchafu wowote unamtoka nyuma, wa usaha au wenye harufu? Amelegea? Akampima joto. Nilijibu hapana kwa yote, naye akashusha pumzi.

"Mama, hii ni mimba hewa," akasema. "Kama wafanyakazi hewa. Mshahara unatoka, mtu hayupo. Hapa maziwa yanatoka, watoto hawapo."

Wengine huiita mimba ya uongo. Neno hilo silipendi, kwa sababu Siafu hakudanganya mtu. Alinieleza kwa lugha ninayoielewa. Kwa mwanamke, kama mimba haikutunga, homoni ya projesteroni inashuka baada ya wiki mbili hivi, damu inatoka, mzunguko unaanza upya. Mbwa jike hayuko hivyo. Joto likiisha, projesteroni inabaki juu kama miezi miwili, awe amebeba au hajabeba, awe amepandwa au hajaona dume kabisa. Mwili unapita njia ile ile ya mimba. Mwisho wa safari projesteroni inaporomoka, na ile ya maziwa, prolaktini, inapanda. Kwa baadhi ya mbwa prolaktini hiyo inaamsha kila kitu: maziwa, kuchimba, kukusanya vitu na kuvilea, kulia, kususa chakula, ukali. Huja mara nyingi wiki ya sita hadi ya tisa baada ya joto, na ukimwacha bila kumchokoza huisha yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Si ugonjwa wa ajabu, tena ni kawaida kwa mbwa ambao hawajatolewa kizazi.

Nilimwuliza kwa nini basi wa kwangu anaongezeka badala ya kupungua. Akanitazama mikono.

"Na wewe mtu wa leba, umekuwa ukimkamua?"

Nilikiri. Akanieleza kwamba kila ninapokanda, kuchua kwa maji ya moto na kukamua, naupa mwili habari kwamba kuna mtoto ananyonya, nao unaongeza. Uji wa maziwa na dagaa ndiyo kuni nilizokuwa nasukumia motoni. Hata yeye Siafu alikuwa anajilamba chuchu na kujinyonyesha maziwa yake. Kwa mama mwenye mtoto, kukamua ni haki. Kwa anayetakiwa kukauka, kila mguso unarudisha nyuma. Hilo nalijua hata kwa wanawake. Nimekaa na kina mama waliojifungua mtoto mfu, maziwa yakashuka siku ya tatu yakawalowesha khanga, na kazi yetu ilikuwa kuwasaidia yakauke. Sikufikiria kwamba Siafu yuko upande huo wa wodi. Nilimhesabu na wanaosubiri.

Maelekezo yake yalikuwa machache lakini magumu kuyafuata. Nisiguse matiti hata yakionekana kuuma, isipokuwa kuyatazama kila siku. Titi moja likiwa jekundu au la zambarau, la moto, gumu kama jiwe, au maziwa yakija na damu au usaha, hapo titi limeingiwa na vijidudu na anaonwa siku hiyo hiyo. Chakula kirudi kwenye kipimo cha kawaida, nipunguze kidogo kwa siku chache, uji na dagaa viondoke. Maji yabaki wakati wote, kuna watu hunyima maji wakidhani maziwa yatakauka haraka, wakaishia kumkausha mbwa mwenyewe. Nimvalishe fulana asijilambe. Nilichukua fulana kuukuu ya mwanangu, nikaikata matundu ya miguu ya mbele, nikaifunga mgongoni kwa utepe, akaitatua mara mbili, ya tatu ikakaa.

Na kifumbu kiondoke. Hapa aliniasa nisikinyang'anye mbele yake, kwa sababu ndivyo mkono wa kijana ulivyopata taabu. Alfajiri mume wangu akamtoa kwa kamba matembezi marefu hadi karibu na barabara ya Newala, mimi nikaingia stoo, nikatoa kifumbu, nikafukia shimo, nikasogeza magunia. Aliporudi alikwenda moja kwa moja ukutani. Akanusa, akafukua kwa mguu mmoja, akanusa tena. Usiku tatu alizunguka stoo akilia sauti nyembamba. Nilifunika masikio kwa mto. Nisiwafiche, usiku wa pili nilikaribia kumrudishia. Matembezi ndiyo yaliyotuokoa, asubuhi na jioni, mara nyingine saa nzima, hadi akawa anarudi amechoka na kulala.

Kwa kuwa hali ilikuwa imekomaa kwa mikono yangu na kulikuwa na kung'ata, mtaalamu alimpigia daktari wa wanyama aliyeko Dar es Salaam, wakakubaliana apewe kabegolini. Naijua dawa hiyo, hutumika kwa kina mama kukausha maziwa. Nawasihi msiichukue wenyewe kaunta. Dozi hupigwa kwa kilo, na ya mbwa ni ndogo mno kuliko kidonge cha mtu. Tena ikipewa mbwa mwenye mimba ya kweli inaweza kuitoa, ndiyo maana uhakika wa tumbo hutangulia. Ilikuja na basi, 65,000 pamoja na kutumiwa. Alipewa na chakula siku sita. Siku ya kwanza alitapika, nami nikakimbilia duka la dawa za mifugo, muuzaji akataka kunipa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Nilimpigia mtaalamu kwanza, akasema hapana, hiyo inapandisha prolaktini ile ile tunayoishusha.

Ushauri mwingine wa mtaani ulikuwa sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake, ili joto lisirudi tena. Ni rahisi na kuna wanaowachoma mbwa wao. Kwa mbwa sindano hiyo inaongeza hatari ya usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti, na makali yake yakiisha inaweza yenyewe kuleta mimba hewa. Nilikataa. Usaha wa kizazi ndio hasa mtaalamu alikuwa anaupeleleza kwa yale maswali yake, kwa kuwa nao hupenda kuja wiki zile zile za baada ya joto. Mbwa anakunywa maji mengi, anazubaa, anatapika, tumbo linajaa, pengine usaha unatoka na pengine mlango umejifunga hautoki hata tone. Huo unaua. Ukimwona hivyo usikae kusubiri uone kama ni mimba hewa.

Siku 10 za kuangaliwa zilipita salama. Maziwa yalikauka kabisa tarehe 14 Novemba, wiki sita tangu nilipoyaona, wakati pengine yangeisha kwa wiki tatu. Mwenye 30,000 nilimrudishia ndani ya siku mbili. Mwenye 20,000 nilimlipa baada ya malipo ya kwanza ya korosho, na hakufurahi, na ana haki. Kijana alimaliza chanjo zake, lakini msimu ule hakurudi shambani.

Joto lililofuata lilikuja Machi 2024. Safari hii tulimfungia bandani wiki tatu, hakuna dume lililomkaribia, nami nikaandika tarehe ya damu peke yake. Mwanzoni mwa Mei chuchu zikachomoza, akaanza kuchukua kandambili. Hakuonja uji. Fulana ikavaliwa siku hiyo hiyo, kandambili zote zikapandishwa juu, matembezi yakaongezwa. Siku 12 ikawa imeisha, bila dawa na bila shilingi.

Nilitaka atolewe kizazi mara moja, ndiyo tiba ya kudumu. Daktari akasema tusubiri. Ukimpasua wakati projesteroni bado iko juu, inaporomoka ghafla na unaweza kuianzisha wewe mwenyewe, na ukimpasua akiwa na maziwa hali inaweza kung'ang'ania. Tukangoja hadi mwisho wa Julai, miezi minne na ushee baada ya joto, matiti yamekauka na kurudi. Upasuaji ulikuwa 120,000 pamoja na dawa. Mshono ulifunga vizuri, fulana ile ile ikatumika kuulinda.

Juzi amenipigia mwenzangu niliyekuwa naye wodini, anakaa Mikindani. Mbwa wake ana maziwa na amejifungia chini ya ngazi na kopo la rangi. Tayari alikuwa amechemsha maji.

"Dada, yamwage hayo maji," nikamwambia. "Joto aliliona lini?"

Akasema hakuandika, ila ilikuwa kabla ya Maulidi. Nikamwuliza kuhusu kunywa maji, kutapika na uchafu, akasema hamna. Nikampa namba ya mtaalamu, nikamwambia asimwinamie pale chini ya ngazi, na watoto wa nyumba wasipite upande huo mpaka mtaalamu afike.